Jamaa wa Santa Brígida

Siku ile Bi Visitación aliamka kama alivyoamka siku zote. Alichochea tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akaoka mikate, akaketi juu ya gogo akinyonya mate, ile chai yao chungu inayovutwa kwa mrija. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Mashamba yamebaki vishina vyeusi vilivyoungua, na harufu ya molasi iliyochacha imetanda juu ya vijumba vya wafanyakazi kama blanketi lililoloa. Mbwa wamelala. Jirani yake, Petrona, anaanua nguo. Mgeni angepita hapo angesema: hapa Tucumán hapana neno, watu wamemaliza kazi yao, sasa wanapumzika.

Ila ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitanda kilichotandikwa ambacho hakikuwa na wa kukilalia.

Kilikuwa kitanda cha Anselmo, mwanawe wa pekee. Anselmo alikuwa kijana wa chama cha wakata miwa, mwingi wa maneno, mali yake yote baiskeli. Tangu wanajeshi walipoitwaa nchi ya Argentina, chama kilipigwa marufuku, na vijana wa chama wakaanza kupungua mmoja mmoja kama meno kinywani mwa mzee. Zamu ya Anselmo ilifika mchana kweupe. Alisimamishwa barabarani, akapandishwa lori la jeshi. Walioona walikuwa wengi, na wote waligeuza shingo. Baiskeli ilikaa mtaroni mpaka jua likatua, na aliyekwenda kuiokota ni mama mtu.

Tangu hapo Bi Visitación alikuwa mtu wa kutembea tu. Kambini aliambiwa, "Hatuna mtu wa jina hilo, mama." Polisi walimwambia kijana kakimbilia Paraguay na mwanamke, akapumzike. Padri alimwambia asali. Alisali, akatembea tena. Hakuwa akilia. Machozi nayo yanataka nguvu, na nguvu zake zote zilikuwa zimekwenda miguuni.

Mwisho alikwenda kwa Bwana Severo Uriarte, meneja wa kiwanda cha sukari cha Santa Brígida, aliyemjua Anselmo tangu ananyonya. Alimkuta barazani anakula chungwa.

"Bi Visita," alisema meneja, kwa sauti ya upole kabisa, "wewe ni mtu wa hapa, hujaja jana. Mwaka huu sukari imetoka nyingi ajabu. Basi labda Jamaa kamla."

Akacheka. Akatema kokwa.

Hakuna mtu wa kiwanda kile ambaye hakumjua Jamaa. Mababu walisema tajiri aliyejenga Santa Brígida alifuga shetani, akamweka chini ya dohani ya zamani, ile ya matofali mekundu iliyoachwa kutumika. Alikuwa mbwa mweusi mkubwa kama ndama, anaburuta mnyororo. Akilishwa, miwa hustawi. Chakula chake ni mtu. Ndiyo maana kila mavuno mazuri palikuwa na kibarua aliyepotea, nguo zake zikabaki kwenye kamba na mshahara wake ukabaki ofisini. Watu walimwita Jamaa kwa sababu aliishi na matajiri kama ndugu yao wa damu. Na hakuwa mtu wa usiku. Alitoka saa ya jua kali, baada ya chakula cha mchana, wakati kila kiumbe kimefunga dirisha na kulala.

Bi Visitación alikwishasikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka haikumtisha tena. Waliomchukua mwanawe walikuwa na buti na lori. Alama za matairi aliziona mwenyewe.

Wiki haikuisha, Eulogia, mpishi mkuu wa nyumba kubwa ya kiwanda, akaja kumpigia hodi. Katika nyumba kubwa ile sasa walikaa maafisa wa jeshi, na uwanja wa mitambo ya zamani ulikuwa umezungushiwa seng'enge.

"Kuna kazi," alisema Eulogia, akikataa kuketi. "Bwana Severo mwenyewe kakutaja. Kufua, kufagia. Na mchana kupeleka chungu."

"Kupeleka wapi?"

"Pale chini ya dohani. Kuna mlango wa chuma. Chini yake kuna kidirisha, unasukuma chungu ndani, unatoa cha jana, unarudi." Kisha akatoa mfukoni furushi la pamba, akamtia kiganjani. "Ziba masikio vizuri. Usiseme kitu. Mimi nimefanya miaka yote hiyo nikabaki mzima, maana sina niliyempoteza. Wewe..." Hakumalizia. Alifunga kilemba chake, akaondoka.

Bi Visitación aliikubali kazi kabla hajafikiri. Chungu chini ya ardhi maana yake kuna watu chini ya ardhi. Na kama kuna watu, yupo mmoja anayependa mchuzi uwe na pilipili ya kuchoma.

Siku ya kwanza alivuka uwanja peke yake. Jua lilikuwa limesimama wima. Askari wa lindo alimfungulia geti huku amefumba jicho moja kwa usingizi. Kule nyuma, kati ya matangi yenye kutu, dohani ilikuwa imesimama na magugu yake. Alishuka ngazi, akaupata mlango. Ulikuwa wa chuma kizito, hauna kitasa wala kufuli upande huu, kama uliounganishwa na ukuta. Alisukuma chungu kidirishani.

Akazitoa pamba masikioni.

Mwanzo hakusikia ila mdundo wa moyo wake. Kisha mnyororo. Uliburutwa polepole, ukasimama karibu sana.

"Anselmo?" alinong'ona.

Akasogeza sikio karibu na chuma.

"Anselmo, mwanangu?"

"Mama."

Alikaa chini kwenye vumbi. Alibandika mikono yote miwili kwenye chuma, nacho kilikuwa cha moto, hakuiondoa.

"Umeumia?"

"Nimechoka tu, mama. Usimwambie mtu. Rudi kesho."

Alirudi kesho, na kesho yake. Kwa mara ya kwanza tangu mavuno akawa na mahali pa kwenda. Alikuwa akiamka na furaha ya kuificha, na kuificha kulimchosha kuliko huzuni. Petrona alimwona akiimba mbele ya tanuri, akamtania: "Shoga, umepata bwana nini? Uzee huo!" Akacheka naye, na ndani roho ikamuuma, maana mtoto wa Petrona, Celestino, alikuwa rafiki wa Anselmo, naye alikuwa mafichoni, na Petrona hakuwa na mlango wa kunong'onea.

Sauti haikuomba maji wala haikuuliza habari za nyumbani. Iliuliza watu.

"Mama, Celestino yuko salama?"

"Salama, mwanangu. Yuko kwa mama yake wa ubatizo, kule Los Sauces, kwenye ghala la mahindi."

"Analala ghalani mchana?"

"Mchana analala. Usiku ndiyo anatoka kunyoosha miguu."

"Afadhali," ikasema sauti. "Afadhali sana."

Celestino alichukuliwa kutoka ghalani saa ya usingizi wa mchana. Mama yake wa ubatizo alisema hakusikia lori wala mlango kuvunjwa. Alisikia tu kama mtu anavuta ndoo kisimani kwa mnyororo, akageuka upande wa pili akalala. Alipoamka, mahindi yalikuwa yametawanyika njia nzima mpaka barabarani.

Petrona alipiga magoti katikati ya uwanja wa nyumba yake, akakaa vile mpaka giza likaingia. Bi Visitación alimshika mabega. Hakuunganisha neno na neno. Mtu akiwa na kiu hachunguzi kisima.

Siku chache zikapita, sauti ikauliza tena.

"Mama, Irma je?"

Irma alikuwa mchumba wa Anselmo, binti mwembamba aliyeshona nguo za chama, yale mabango na vitambaa vya mkono. Wakati ule alikuwa na mimba ya miezi ya kutosha kuonekana, na alikuwa amejificha kwenye kibanda cha kuni nyuma ya tanuri la Bi Visitación mwenyewe. Anselmo alichukuliwa kabla hajajua kuwa atakuwa baba.

Bi Visitación alitabasamu mbele ya chuma. Habari hii alikuwa ameitunza kama sukari ya wageni.

"Irma yuko na jambo, mwanangu. Nikikwambia utaruka."

"Yuko wapi?"

"Ngoja kwanza nikwambie—"

"Yuko wapi, mama?"

Alifungua kinywa. Ndipo aliposikia nyayo za buti zikishuka ngazi. Alijisukuma nyuma ya tangi lililotoboka pale chini, akajikunyata.

Waliokuja walikuwa wawili. Mmoja ni Kapteni Iturbe, mkuu wa kambi, mwanamume msafi mwenye mikono midogo. Wa pili alikuwa mzungu wa ng'ambo waliyemwita Mista tu. Huyo alitumwa na serikali yake kuwafundisha maafisa namna ya kuuliza watu maswali. Ilisemekana alikwishaifanya kazi hiyo kwenye vita vingine, huko Asia, na alikuwa mwalimu mzuri. Siku ile alikuwa amekunywa kidogo, na alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo hapa ndipo mnapomfuga shetani," alisema kwa Kihispania chake kilichovunjika. "Kapteni, mimi nimekuja na mitambo, na ninyi mna mbwa!"

Kapteni hakujibu. Bi Visitación aliona, pale mwanga ulipompiga ubavuni, kwamba masikio yake yote mawili yalikuwa yamezibwa pamba.

Mista aliupiga mlango kofi. Akasema neno kwa lugha yake, la mzaha, kama mtu anayeita paka.

Mlango ukamjibu.

Ulimjibu kwa lugha ileile. Ilikuwa sauti ya kijana, nyepesi, yenye kicheko ndani yake. Bi Visitación hakuelewa neno hata moja. Aliuona uso wa Mista tu. Kicheko kilimtoka polepole kama maji kwenye gunia. Kofia ikaanguka. Akapiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye chuma, akaanza kusema. Alisema haraka haraka, kwa sauti ya mtoto, akirudia jina moja. Kule ndani sauti ikawa inauliza kidogo, naye anajibu sana. Inauliza kidogo. Anajibu sana.

Kapteni alimkamata kwapani, akamburuta mpaka juu. Mista alikuwa anapigana naye, analia, ananyoosha mkono nyuma. Jioni ile aliondoshwa kwa gari, na mizigo yake ikamfuata baadaye. Hakurudi Tucumán.

Nyuma ya tangi, Bi Visitación hakusogea. Anselmo aliishia darasa la nne. Barua zake za chama zilikuwa zikiandikwa na Irma. Lugha ile aliijulia wapi?

"Mama?" ikaita sauti. Ilikuwa ya Anselmo tena, na ile pua yake iliyokuwa ikiziba majira ya vumbi. "Wamekwenda. Ulikuwa unasema Irma yuko wapi."

Alitoka. Alisimama mbele ya mlango kwa muda, kisha akaita jina ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka mingi.

"Lucio?"

Lucio alikuwa mumewe. Alinaswa mkono na mashine ya kukamulia miwa wakati Anselmo anajifunza kutambaa, akafa, na Bi Visitación alimwona akizikwa, udongo akautupa kwa mkono wake mwenyewe.

Mnyororo ukacheza.

"Nipo, Visita," akasema Lucio. "Mbona umekawia hivyo?"

Alijishika ukutani. Alijua inatosha, akimbie, lakini kuna uchovu ambao humfanya mtu afike mwisho wa jambo kwa kuwa hana nguvu ya kurudi nyuma. Akasogeza mdomo karibu na chuma.

"Visitación?"

Mnyororo ukasogea.

"Nipo," ikajibu sauti yake mwenyewe. "Nimechoka."

Ilikuwa yeye. Ule mkwaruzo wa moshi wa tanuri. Ile pumzi fupi mwishoni mwa neno. Kisha ile sauti yake, kwa upole, kama anavyojisemea mwenyewe anapokanda unga, ikauliza:

"Irma yuko wapi?"

Ndipo akamwona Celestino akilini. Akayaona mahindi yaliyotawanyika njiani. Akaelewa kwa nini Bwana Severo alimtaja yeye kwa kazi ile, yeye kati ya wanawake wote, na kwa nini mtu mwenye pamba masikioni hulala usingizi mzuri. Alitaka kuupiga mlango kwa kichwa. Hakuupiga. Alijifuta mdomo kwa aproni.

"Yuko nyumba kubwa," alisema. "Chumba cha mwisho, upande wa mti wa machungwa. Analala hapo mchana. Dirisha huwa wazi kwa ajili ya joto."

"Afadhali," ikasema sauti yake. "Afadhali sana."

Alipanda ngazi bila kugeuka. Hakulala usiku kucha. Irma alimsikia akitembeatembea, akamuuliza kutoka kibandani, "Mama, kuna nini?" Akamjibu, "Lala, mwanangu. Usiseme jina lako kwa sauti."

Siku ya pili alipeleka chungu akiwa ameziba masikio. Kisha alirudi jikoni, akaketi na Eulogia kumenya viazi. Nyumba kubwa yote ilikuwa imelala. Nzi walikuwa wanazunguka juu ya meza. Kupitia pamba hakusikia kitu. Ila maji kwenye beseni yalianza kutikisika. Visahani vikatetemeka rafuni. Eulogia alisimamisha kisu. Wakatazamana. Kitu kizito kilikuwa kinapita ukumbini, taratibu, na vigae vilikuwa vinakitambua.

Kilikwenda mpaka mwisho. Kikarudi. Kilikuwa kizito zaidi kuliko kilipokwenda.

Eulogia aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya.

Kapteni Iturbe, mwenye chumba cha mwisho, alipogongewa apewe chai hakuitika. Mlango ulivunjwa. Buti zilikuwa chini ya kitanda, bastola juu ya kiti, sare imekunjwa. Shuka lilikuwa limevutwa lote kuelekea mlangoni, limenyooka kama kamba. Vigae vya ukumbi vilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu mpaka uani. Na juu ya mto, kila moja kwenye shimo lake dogo, zilibaki pamba mbili. Hakusikia kinakuja.

Askari walipekua miwa, mito, vijumba, dari. Walipiga watu. Bwana Severo alikuja jikoni mwenyewe, uso umemsawijika.

"Bi Visita. Umemwona Kapteni?"

Bi Visitación aliweka chini sufuria. "Labda Jamaa kamla, bwana," alisema, kwa upole kabisa.

Meneja hakucheka. Alimtazama masikio, upande huu, upande ule. Yalikuwa wazi. Akarudi nyuma mpaka akagonga mlango, akatoka. Mwezi haukuisha alihamisha familia yake Buenos Aires, na kambi nayo ikahamishiwa kwingine. Katika vurumai hiyo Irma aliondoka chini ya vitunguu kwenye lori la binamu yake, akajifungulia Salta. Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa na pua ileile inayoziba.

Watu wakisimuliwa hapa hushusha pumzi, husema, basi, mama alishinda. Lakini ngoja. Anselmo hakurudi. Celestino hakurudi. Kiwanda kilifungwa, uwanja ukaota miiba, na kila mchana, miaka ile yote, Bi Visitación alilala kitandani mwake akijua kwamba hapo karibu, mwendo mfupi kama wa kwenda kisimani, kuna sauti ya mwanawe, na kwamba akiita itamwitikia. Siku nyingine alivaa viatu. Siku moja alifika mpaka kwenye seng'enge. Akashika waya mpaka viganja vikatoka damu, akarudi nyumbani kufua nguo zilizokuwa safi.

Bi Visitación mwenyewe ndiye aliyemwambia Petrona. Walikuwa wakitembea pamoja uwanja wa mji, akina mama wenye picha za watoto wao waliochukuliwa vifuani, na jua lilikuwa linawaka. Walipoketi kupumzika alimweleza yote: mlango, ghala, maneno yake mwenyewe. Petrona alimsikiliza akiwa ameshika picha ya Celestino. Njiwa wakawasogelea miguuni.

"Aliita vipi?" aliuliza mwishowe. "Aliita mama?"

"Aliita mama."

Petrona alitikisa kichwa. "Hata mimi ningejibu," alisema. Kisha akainuka, akaenda kutembea upande wa pili wa uwanja, na ilipita mwaka mzima kabla hawajatembea pamoja tena.

Wanajeshi walipochoka na nchi, au nchi ilipowachoka, ikaja serikali ya kura na tume ya kutafuta waliopotea. Santa Brígida ilipewa mwanasheria kijana, Baltasar Quiroz, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bi Visitación, mzee sasa, aliwaongoza watu wa tume mpaka chini ya dohani. Petrona alikuja nyuma yao. Fundi mmoja mrefu, Wenceslao, aliukata mlango wa chuma kwa moto. Wakauvuta.

Nyuma ya mlango hapakuwa na chumba.

Palikuwa na ukuta wa matofali, wa tangu enzi ya dohani yenyewe, karibu na chuma kiasi kwamba usingeweza kupitisha ngumi. Wenceslao aliutoboa. Udongo. Akatoboa kando. Udongo, na mizizi ya zamani.

"Mama," alisema Baltasar taratibu, "hivyo vyungu ulikuwa unavisukuma wapi?"

"Humo."

"Humo hamuingii hata sahani."

"Vilirudi vitupu," alisema Bi Visitación.

Hawakupata mifupa, wala kifungo cha shati. Mafundi walipanda juu kutafuta hewa. Baltasar alibaki, akiangaza tochi. Bi Visitación, ambaye miguu ilimkatalia ngazi, alikuwa ameketi kwenye kipande cha bomba. Alimwona kijana akisogea ukutani. Akamwona akivua miwani. Akamwona akiegemeza sikio.

Aliinuka, hajui kwa nguvu gani, akamkamata mkono.

"Usimwite!"

"Sijamwita mtu, mama." Midomo yake ilikuwa myeupe. Dada yake, Noemí, alichukuliwa katika mji wa Rosario akiwa mwanafunzi. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote pale. "Ameniita yeye."

Walitoka wakishikana kama walevi. Baltasar aliandika kwamba hapakuonekana kitu. Kisha akatoa pesa yake mwenyewe, akamwomba Wenceslao aufunike ukuta ule wote kwa saruji, nene, juu mpaka chini, leo leo.

Saruji ilikauka vizuri kwa joto la Tucumán, nyeupe kama mfupa. Isipokuwa mahali pamoja. Doa moja dogo, la mviringo, lilibaki bichi, likitoa mvuke mwembamba uliokuja na kukatika, ukaja na kukatika. Wenceslao alilikwangua, akalipiga saruji upya. Kesho yake lilikuwa bichi tena. Ukiligusa lina uvuguvugu.

"Ni maji yanapanda," alisema Wenceslao. "Liko juu hivi, sawasawa na mdomo wangu. Maji hayapandi hivyo, lakini ndiyo maji."

"Mdomo wako?" alisema Petrona, aliyekuwa mfupi, kichwa chake kikimfika fundi kifuani. "Umelewa? Liko hapa, mbele ya mdomo wangu mimi."

Walibishana kidogo. Wenceslao alikwenda kutafuta kamba. Alipima yeye kwanza, kutoka chini mpaka kwenye doa, akafunga fundo. Akampa Petrona kamba, naye akapima, akafunga fundo lake.

Doa lilikuwa moja tu, lakini mafundo hayakukutana.